Madaktari, kabla hamjamwita mama yangu mbishi mlishawahi kumuuliza anaishije?

Wakuu naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mama yangu mtu wa presha siku nyingi, anahudhuria kliniki kwenye hospitali moja hapa Dar, jina naliacha. Juzi nimempeleka, presha imesoma 180 kwa 110, daktari hata macho hajatoa kwenye kompyuta akaanza kufoka "mama wewe mbishi, dawa hunywi, unasubiri upooze?" mbele ya nesi na wanafunzi wamejaa mle ndani. Mtu mzima wa miaka sitini na kitu anakunjakunja kadi yake ya kliniki kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Halafu kaandikiwa dawa zilezile, dozi ileile, haya mama dirishani, anayefuata!!

Yaani hakuna hata mmoja aliyemuuliza, mama kwanini hunywi?

Wangemuuliza angewaambia. Walimwanzishia amlodipine, dawa ya kushusha presha, ya miligramu 10, miguu ikavimba mpaka viatu haviingii. Karudi kulalamika miguu, wakamwongezea Lasix anywe asubuhi, na hakuna aliyemwambia ile ni dawa ya kukojosha. Sasa mama anauza mchicha na matembele, saa kumi na moja alfajiri yuko kwenye daladala kutoka Mbagala anakwenda sokoni Ilala, kabanwa katikati ya watu na mafurushi, na Lasix ikishamezwa haimalizi saa moja inaanza kazi na inaweza kukuhangaisha mpaka masaa sita. Ashukie wapi? Akifika sokoni choo cha kulipia, kila akiondoka meza anaomba jirani amwangalizie na wateja wanapita. Akaiacha. Baadaye akaona asipokunywa na ile amlodipine miguu inapungua, nayo akawa anairuka. Ndo 180 hiyo.

Aliyenielewesha ni mfamasia wa huku mtaani. Kasema kuvimba miguu ni kitu kinachojulikana kabisa kwa amlodipine hasa dozi kubwa, na Lasix mara nyingi haisaidii uvimbe wa aina hiyo. Kwahiyo mama kapewa dawa ya pili ya kutibu usumbufu wa dawa ya kwanza!! Na njia zipo, daktari angeweza kushusha mpaka 5 na kuongeza dawa nyingine ya presha kama losartan, au kama Lasix kweli inahitajika kwa sababu nyingine basi wakubaliane ainywe mchana akishatoka sokoni. Akanisisitiza tusibadilishe wenyewe, turudi kwa daktari. Sawa, tunarudi kwa daktari yupi, huyu anayefoka?

Sikatai daktari kaisomea dawa. Lakini anayeimeza kila siku maisha yake yote ni mama, na hilo jambo linaamuliwa bila yeye kusikilizwa hata kidogo. Shirika la Afya Duniani waliandika tangu 2003 kwamba hata huko nchi tajiri ni kama nusu tu ya wagonjwa wa magonjwa ya muda mrefu wanaotumia dawa kama walivyoelekezwa. Nusu! Wote hao wabishi?

Na msije kuniambia foleni ni kubwa, naiona ile foleni, tunakaa kwenye mabenchi toka asubuhi. Muda wa kufoka si ulipatikana? "Mama dawa zinakusumbua wapi, unazinywa saa ngapi, kazi yako ni ipi", hayo maswali matatu yanachukua muda kuliko yale matusi?

Sasa madaktari na wafamasia mliomo humu naomba mnijibu bila kunizunguka. Nikiingia na mama chumbani nikaomba hizo dawa zijadiliwe upya, naye akiwepo anasema mwenyewe, hiyo ni haki yetu au nitaambiwa namfundisha daktari kazi? Na nikitaka abadilishiwe daktari naanzia ofisi gani? Kliniki ni mwisho wa mwezi na mama kashasema yeye hakanyagi tena pale.