Risiti 412 ipo kwenye diski, 409 hadi 411 hazipo. Ninunue diski gani?

Kijana wa Ahero:
Habari zenu wadau. Ninaangalia mashine ya mizani ya chama chetu cha wakulima wa mpunga. Mkulima akileta magunia tunapima, programu inaandika faili moja kwa kila upimaji, inaita fsync (ombi la kungoja mpaka data ifike kwenye diski), kisha inachapa risiti. Alhamisi saa nane mchana stima ilipotea, ikarudi baada ya dakika kumi. Faili za risiti 409, 410 na 411 zimejaa sifuri tupu. Lakini 412, ya mwisho kupimwa, iko sawa kabisa! Wakulima watatu wana karatasi mkononi na mimi sina cha kuwaonyesha. Mavuno yenyewe yanaanza wiki ijayo, usingizi umenihama. Naomba ushauri: ninunue diski ya aina gani?

Fundi Kondele:
Omera, weka SSD, umalize hiyo shida. Diski za kuzunguka zilishapitwa.

Mama Njoro:
Pole mwanangu. Mimi nauza maziwa, na kila lita naiandika kwenye daftari kabla mtungi haujaondoka. Mwaka jana simu yangu ilianguka kwenye ndoo na hesabu ya mwezi mzima ikaenda nayo. Daftari ndilo lililoniokoa na wateja. Jasho la mkulima usiliache kwenye mashine peke yake.

Jirani wa Luanda:
Fundi, si kila SSD inasalimika. Nyingi za bei ya chini zina kashe, kumbukumbu ya muda ndani ya diski, lakini hazina akiba ya umeme ya kumalizia kuandika kilichomo stima ikikatika. Kijana, kinachonishtua ni kwamba ya mwisho ipo na zilizotangulia hazipo. Hapo mpangilio umevurugika. Ni mfumo gani? Diski ngapi?

Kijana wa Ahero:
Linux, mfumo wa faili ni ext4. Diski mbili za mizunguko 7,200 kwa dakika, moja ya ndani na moja ya USB, zinaandikwa pamoja. Mashine si dhaifu. Niliijaribu kwa kuingiza kumbukumbu 20,000 za misimu iliyopita, kila moja na fsync yake, ikamaliza kwa sekunde 9.

Mzee wa Busia:
Nilikuwa na saiba miaka ile. Watoto wa shule walikuwa wakichomoa flashi mara tu mstari ukijaa kwenye skrini, kesho yake wanarudi wakilia kwamba kazi haimo. Niliwaambia mpaka nikachoka: skrini ikisema imemaliza, bado flashi haijamaliza.

Hesabu Tu:
Samahani, huu uzi umetungwa. Mizunguko 7,200 kwa dakika ni 120 kwa sekunde, mmoja unachukua milisekunde 8.3. Ukiandika rekodi moja na kungoja ifike kwenye sahani inayozunguka ndani ya diski ndipo uandike nyingine, hutazidi kama 120 kwa sekunde. Rekodi 20,000 zingekula karibu dakika tatu hata mambo yakienda vizuri kabisa. Yeye anasema sekunde 9! Diski hiyo haipo duniani.

Jirani wa Luanda:
Au ipo, na kuna anayemdanganya njiani. Kijana, nani anaziunganisha hizo diski mbili?

Kijana wa Ahero:
Sawa. Ni draiva, programu inayopeleka amri za Linux kwenye diski, na niliiandika mimi. Mwanzoni ilikuwa sahihi, lakini zile rekodi 20,000 zilichukua dakika 14. Kwa hiyo amri ya kumwaga kashe, ile inayotokana na fsync, ikifika, draiva inajibu "tayari" papo hapo bila kuipeleka kwenye diski. Data yenyewe inakwenda. Niliona diski itajiandikia tu baada ya muda mfupi. Na kabla hamjanishambulia, inveta nimeshailipia nusu, mwenyekiti amekubali. Stima isipokatika, tatizo liko wapi?

Jirani wa Luanda:
Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Diski ikipokea data inaruhusiwa kusema "nimepata" ikiwa bado kwenye kashe, halafu iipeleke kwenye sahani kwa mpangilio unaoifaa yenyewe, kichwa chake cha kuandikia kisihangaike. Ndiyo maana 412 iliwatangulia wenzake.

Tangu Linux 2.6.37, mwaka 2011, draiva haiombwi kupanga foleni. Mfumo wa faili ndio unaongoja: unaandika data, unapata jibu, kisha unaandika alama ya kukamilisha kwenye jarida lake, yaani kumbukumbu yake ya mabadiliko, ikiwa na REQ_PREFLUSH na REQ_FUA. Ya kwanza inasema: kabla ya hii, vyote nilivyojibiwa viwe vimefika kwenye sahani. Ya pili: usiniambie tayari mpaka hii yenyewe ifike. Mpangilio wote umening'inia kwenye jibu hilo, nawe umelifanya uongo. Inveta haizuii mtu kujikwaa kwenye waya wa USB, wala pawasapulai kuungua.

Peleka amri kwenye diski zote mbili, zingoje zote, na moja ikishindwa rudisha kosa. Angalia pia queue/write_cache ya kifaa chako chini ya /sys/block. Ikisema write through (yaani hakuna kashe ya kumwaga) wakati diski zina kashe, keneli, kiini cha Linux, itazimaliza amri hizo kabla hazijakufikia.

Fundi Kondele:
Si atumie md tu, draiva ya Linux yenyewe ya kuunganisha diski? Ipo tayari na inapeleka amri hizo kwa kila diski.

Kijana wa Ahero:
Miezi minne nimeijenga hii. Siitupi.

Hesabu Tu:
Bado siamini. Mpima mpunga wa kijijini, draiva ya keneli?

Mama Njoro:
Kwa nini asiweze? Mpunga unamzuia kusoma? Ongea vizuri na mtoto wa mwenzio.

Kijana wa Ahero:
Mstari ni huu: op_is_flush (inayoangalia kama ombi lina alama hizo) ikisema ndiyo na ombi halina data, naita bio_endio, yaani najibu "tayari", na kurudi. Lenye data nalivua alama zake kisha nalipitisha.

Hesabu Tu:
Nimeelewa, natoa neno langu. Basi usitafute kasi kwenye draiva, itafute kwenye programu. Rekodi za zamani ingiza 500 kwa fsync moja, kwa sababu zikipotea unaanza upya. Risiti ya mtu aliyesimama mbele yako ipewe fsync yake. Kwa dakika zako 14, kila moja ni milisekunde 42, mkulima hataziona.

Kijana wa Ahero (Jumapili):
Nimerudisha amri kwenye draiva. Nimechomoa waya wa stima mara kumi katikati ya upimaji wa majaribio, na kila risiti iliyochapwa nimeikuta kwenye diski zote mbili. Inveta inakuja vilevile.

Mama Njoro:
Na wale watatu?

Kijana wa Ahero:
Wawili nimewaingiza kutoka kwenye karatasi zao, mwenyekiti akitia sahihi. Wa tatu karatasi yake alifungia chumvi, tarakimu moja haisomeki. Magunia yake bado yako stoo, tunayapima tena kesho asubuhi akiwepo.