Mrejesho: blugili wanaokula chambo na kuiacha ndoana

Wakuu, swali langu lilikuwa hili: navua blugili, samaki wadogo wa maji yasiyo na chumvi, bwawani huku Ohio, Marekani; boya linacheza, chambo kinaliwa, ndoana inatoka tupu. Tatizo limekwisha, asanteni sana.

Kubwa lilikuwa ndoana. Namba 4 haiingii vizuri kwenye kinywa kidogo cha blugili (namba ikipanda, ndoana inakuwa ndogo). Funga namba 8 au 10 yenye shingo ndefu, kwa sababu samaki huyu humeza upesi na shingo fupi haishikiki kwa koleo unapoichomoa. Nyungunyungu usimweke mzima. Kata kipande cha sentimita 2, kifunike ncha ya ndoana. Mkia unaoning'inia ndio wanaoung'ofoa.

Boya nalo lina lake. Lile nene la mviringo linaelea mno, samaki akilivuta anahisi uzito na kutema. Chukua jembamba, ongeza kwenye mshipi risasi ndogo (vipande vya uzito) moja moja mpaka ibaki ncha ya boya tu juu ya maji. Risasi ya chini kabisa ikae sentimita 15 kutoka kwenye ndoana.

Mshipi unaohimili ratili 4 na fimbo laini ya futi 6 vinatosha. Mshipi mnene haurushi kitu chepesi mbali. Lowesha fundo kabla ya kulikaza, la sivyo litakatikia hapo hapo.

Mei na Juni wanataga kwenye maji ya kina kifupi. Madume wakubwa ndio walinzi wa viota, kwa hiyo tafadhalini warudisheni majini, mkiwashika kwa mikono iliyolowa.