Banda umiza la video limetuuzia trela, kile kipande cha kutangaza muvi, kwa buku mbili siku ya Nanenane, na msije kunituliza humu

Mbukwenyi wakuu.

Nimejizuia siku mbili kuandika, maana nikiandika na hasira huwa natukana, na mods (wasimamizi) wa humu hawanaga huruma. Lakini leo asubuhi kwenye chai mpwa wangu kaniuliza swali moja, nikaona hapana, huu uzi lazima uwepo.

Mnajua mji ulivyokuwa tangu mwishoni mwa Julai 2025, trela ya Avatar: Fire and Ash, muvi ya tatu ya Avatar, ilipotoka. Kwanza ilionyeshwa kwenye majumba ya sinema kuanzia tarehe 25, kabla ya ile muvi ya Fantastic Four, sisi wa Dodoma tukabaki kusimuliwa na watu wa Dar kama tunasikiliza mpira wa redio. Tarehe 28 ikawekwa mtandaoni. Dakika mbili na sekunde zake tu, lakini bando langu la wiki liliishia humo. Kijiwe chetu cha kahawa pale Majengo, ambacho siku zote ni Simba na Yanga mpaka koo zikauke, kilihamia Pandora, ulimwengu wa muvi hizo. Mzee muuza kahawa siku ya kwanza alitusikiliza weee, mwisho akauliza hilo trela limepinduka wapi, na dereva kapona?

Kwa asiyefuatilia: tulishazoea Wana'vi, wale watu wa bluu wa Pandora, wa msituni, wakaja wa baharini, wote watu wa kumwomba Eywa, mungu wao. Sasa wanakuja watu wa majivu. Nchi yao iliunguzwa na volkano, wakamsusa Eywa moja kwa moja, na kiongozi wao ni mwanamke, Varang, moto unamcheza kiganjani kama paka wake. Halafu kuna wafanyabiashara wa angani, vyombo vyao vinavutwa na madude yanayoelea kama miavuli yenye mikia. Mpwa wangu, yuko darasa la tano, kamchora Varang kwenye jalada la daftari la hisabati. Mama yake kamchapa. Mimi nimeipiga picha nikaiweka kwenye stetasi.

Nisichekwe kwa kuwa na mzuka na muvi. Ile ya kwanza, ya 2009, niliiona kwa jirani kwenye CD iliyokwaruzika, ikafika pale Mti Mkuu unapoangushwa ikaganda. Nimekaa karibu mwaka mzima sijui kama wale watu walipona. Ya pili imekuja baada ya miaka 13, Desemba 2022, na mimi nilipanda basi kwenda Dar, siku nzima barabarani, kwenda kuvaa ile miwani na kukaa saa 3 na dakika 12 bila kwenda chooni. Sijutii hata senti. Mle ndani mwigizaji Kate Winslet alijifunza kubana pumzi chini ya maji mpaka akapitisha dakika 7, kwa hiyo nami kubana mkojo sikuona shida.

Ya tatu ilipangwa kutoka tarehe 19 Desemba 2025. Safari hii kuna treni ya umeme, Dodoma mpaka Dar ni saa tatu na ushee, si mateso tena. Nilishamwambia dogo ajiandae, tunaenda wote. Alikuwa anahesabu wiki.

Sasa njooni kwenye balaa lenyewe.

Wiki ya Nanenane mji ulijaa wageni, Nzuguni kwenye maonyesho hapatoshi. Banda moja, silitaji jina, likatundika tangazo: AVATAR 3, MARA YA KWANZA DODOMA, IMETAFSIRIWA. Picha ya Varang kubwa. Wakubwa buku mbili, watoto buku. Nikapita, nikasimama, nikamwambia kijana wa mlangoni, wewe dogo, hii muvi si mpaka Desemba? Akanijibu kwa upole kabisa: "Braza, hii walishaipiga picha zamani, pamoja na ile ya pili. Imevuja."

Hapo ndipo aliponiweza. Maana ni kweli. Ya pili na ya tatu walizipiga kwa mkupuo, walianza 2017, picha nyingine huko New Zealand. Najua, nilishasoma. Nikasahau kitu kimoja cha kijinga: kupiga si kumaliza. Wale waigizaji wanarekodiwa wakiwa wamevaa mavazi ya kubana yenye alama, na kamera ndogo mbele ya uso. Ngozi ya bluu, mikia, moto, majivu, vyote vinachorwa kwenye kompyuta kwa miaka. Nikalipa. Buku mbili yangu, buku ya dogo, na bisi za mia tano.

Tukakaa kwenye benchi, watu kama sitini, nusu watoto. Ikaanza trela yenyewe, ile ile ya mtandaoni. Sawa. Ikaisha, ikarudiwa, polepole, na sauti ya mtafsiri juu. Halafu zikaanza picha ambazo sijawahi kuziona, na moyo ukanidunda kweli, siwadanganyi. Varang kapanda dude la moto. Jake, shujaa wa muvi, analia. Jeshi linashuka mlimani. Nikasema aisee, imevuja kweli!

Dogo akanivuta shati. "Mjomba, huyu ana vidole sita."

Nikaangalia. Sita. Picha inayofuata, yule yule, vitatu. Wakuu, Mna'vi ana vidole vinne kila mkono, na wenye vitano ni wale avata, miili ya bluu inayoendeshwa na binadamu, na baadhi ya watoto wa Jake. Hilo jambo mwongozaji wake, James Cameron, kalishikilia tangu muvi ya kwanza. Zile zilikuwa ni video za akili bandia, zile trela feki za YouTube zilizounganishwa moja baada ya nyingine! Machi 2025 YouTube iliwakatia mapato ya matangazo wenye chaneli mbili kubwa za trela feki. Huko wamekatiwa, huku zinaingiza kiingilio.

Baada ya hapo wakachomeka vipande vya muvi ya pili, vita ya mwisho kule kwenye meli, wameviongezea rangi nyekundu ili ionekane moto. Saa moja na dakika kumi, ikaandika ITAENDELEA. Avatar fupi kuliko zote ni saa 2 na dakika 42. Mtafsiri naye hajui anachotafsiri, Varang kageuka kuwa mke mdogo wa Quaritch, yule kanali adui, anayedai talaka. Mimi nimekulia kwenye kanda za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, nawaheshimu watafsiri, marehemu alikuwa anaongeza chumvi lakini chakula kilikuwepo.

Nikamfuata mwenye banda. Mtu mzima, kanzu, tumbo mbele. Nikamwamkia, nikamwambia mzee wangu, hii siyo muvi. Akasema, "Kwani moto hujauona?" Nikasema nimeuona. "Na yule mwanamke?" Nimemuona. "Sasa unadai nini?"

Najua kuna wajuaji watakuja kusema wewe mwenyewe flashi yako ya GB 32 imejaa muvi za wizi. Ndiyo, imejaa, mimi si malaika. Lakini yule kijana wa kutujazia flashi pale stendi ana heshima yake. Ukimuuliza muvi mpya anakwambia, "kaka hii ni ya kamera, vichwa vya watu vinapita, subiri ori, kopi safi." Anakataa hela! Huyu wa kanzu kachukua watoto thelathini na buku zao za sikukuu.

Na hela siyo iliyonitoa usingizini. Leo kwenye chai nikamwambia dogo, bado wiki kumi na nane na siku tano. Akaniangalia tu. "Za nini mjomba? Si imeshaisha. Tukienda Dar twende baharini, muvi nimeshaiona, siyo nzuri."

Nimeeleza mpaka chai ikapoa. Anaitikia "sawa mjomba" kwa adabu, kama unavyomwitikia mtu mzima anayejitetea.

Kwa hiyo mwenye banda, najua vijana wako mko humu mnasoma. Buku zangu kaa nazo. Ninachotaka Jumamosi usimame pale mlangoni na hiyo kanzu yako uwaambie wale watoto kwamba hawajaiona.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Mnaokuja PM kuuliza ni banda gani, nimeshasema sitaji. Na wewe uliyeniuliza kama naweza kukurushia hiyo muvi, umesoma uzi au umesoma kichwa cha habari tu?