Tupeane uzoefu: doa gani limewahi kukutoa jasho, na ulilitoaje bila kuiharibu nguo?

Habari zenu wakuu. Nafua nguo za nyumba nzima kwa mkono, na kila nikiona nguo nzuri imegeuzwa kitambaa cha kupigia deki, najua doa halikuiua peke yake. Mfuaji alisaidia. Leteni visa vyenu, ila tajeni na kitambaa, maana kinachofaa kwenye pamba huweza kuimaliza hariri.

Naanza na damu. Mwanangu hutokwa damu ya pua usiku, kwa hiyo mashuka yamenifunza. Maji ya baridi tu, tena nayapitisha kwa nyuma ya doa ili damu irudi ilikoingilia. Damu ina protini, na ikikutana na maji ya moto huganda kwenye nyuzi kama ute wa yai kikaangoni. Iliyokauka nailoweka usiku kucha kwenye maji baridi yenye chumvi. Shuka jeupe likigoma, natia matone ya haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, linatoa povu, nasuuza. Nguo za rangi siziwekei, hufifia.

Dobi:
Mleta mada umegusa penyewe. Mteja akiniletea nguo yenye doa, swali langu la kwanza ni moja: imepigwa pasi? Joto la pasi hulifunga doa, na hapo simwahidi mtu kitu. La pili, blichi ya klorini. Watu wanadhani inatoa kila kitu. Kwenye kutu inazidisha doa, na njano ya kwapani inaweza kuikoleza zaidi. Kutu dawa yake ni asidi: limao na chumvi, anika juani, likikauka kamulia tena, kisha suuza sana. Kwa kwapa naanza na siki iliyozimuliwa. Ile njano mara nyingi si jasho tupu, ni jasho lililokutana na alumini ya dawa ya kuzuia jasho.

Mke wa fundi magari:
Kwangu ni grisi kila siku ya Mungu. Ovaroli ikiingia majini kwanza, umeshaongeza kazi. Natandaza poda ya mtoto juu ya doa, inanyonya, naikung'uta, halafu sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye kitambaa kikiwa kikavu. Nasugua taratibu kwa mswaki mkuukuu ndipo nafua. Wanaotumia petroli waache, jamani. Mvuke wake haungoji kiberiti kiwe karibu.

Mwalimu:
Wino wa kalamu mfukoni mwa shati: spiriti. Weka kitambaa cheupe chini, gongagonga kwa pamba kwa juu, na kile cha chini ukisogeze kila kinapochafuka. Ukisugua unautawanya. Fanyieni mbali na moto, madirisha wazi. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha msiiguse kama hamjui nguo ni ya nini, inayeyusha asetati, na bitana nyingi za makoti ni asetati.

Mama wa pacha:
Nani ana habari za doa la manjano, kile kiungo cha mchuzi? Nilipotia sabuni ya kipande doa likageuka jekundu, nikadhani nguo imelogwa!

Dobi:
Hahaa, haijalogwa dada. Manjano ikikutana na sabuni yenye magadi hubadilika hivyo, ukisuuza inarudi njano. Fua kawaida, kisha anika juani doa likitazama jua. Mwanga ndio unaoivunja rangi ile. Rudia kesho yake.

Na chai au kahawa, sabuni ya kipande iacheni pia, huweza kulikaza doa. Maji mengi mapema, kisha sabuni ya unga.

Mama wa pacha:
Asante kaka. Na nepi nyeupe, nikichanganya blichi na siki si zitang'aa haraka?

Muuguzi:
Dada, USICHANGANYE. Blichi na siki, au blichi na limao, hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Hata nepi yenyewe: mkojo uliokaa una amonia, na blichi ikikutana nayo hutoa gesi nyingine mbaya. Suuza nepi kwa maji matupu kwanza, mara mbili, ndipo uweke blichi peke yake kwa kipimo cha kwenye chupa, mlango wazi.

Fundi cherehani:
Nami niongeze dogo. Dawa yoyote ijaribu kwanza kwenye pindo la ndani, subiri kidogo, ufute kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya nguo, acha. Na sabuni za vimeng'enya, vile viambato vinavyovunja protini za doa, msiweke kwenye sufu wala hariri. Hizo nazo ni protini, sabuni itaila nguo pamoja na doa.

Mleta mada:
Hilo la sufu limeniokolea sweta, lilikuwa tayari kwenye karai. Mwenye kisa cha nta ya mshumaa kwenye kitambaa cha meza? Mimi huigandisha kwa barafu nikaikwangua, ila mabaki yake ya rangi ndiyo yananishinda.