Bibi yangu yuko hai, vidole ndiyo vimekufa. Hela yake ya kaya maskini aipateje?

Wakuu, naandika nikiwa kwenye bajaji narudi Pongwe, bibi kasinzia begani kwangu. Tumetoka mjini mikono mitupu kwa mara ya tatu.

Bibi ana miaka 80 na ushei. Yumo kwenye mpango wa kaya maskini, na mwakilishi wake niliyeandikwa ni mimi, maana ana mtoto wa jicho na magoti yamegoma. Zamani hela ilitoka mkononi: naenda na kitambulisho chake, nasaini, basi. Sasa wanataka ipite kwenye simu. Sina ugomvi. Ila laini iwe na jina lake, na kusajili laini siku hizi wanataka alama za vidole.

Haya, vidole. Huyu mama kafanya kazi korona tangu usichana wake (mashine ya kuchakata mkonge, wa Tanga mnaijua, si ule ugonjwa). Maji ya mkonge yanawasha na kubabua ngozi. Alipotoka huko akashika kusuka makuti. Ncha za vidole zimekuwa laini kama mgongo wa kijiko. Kijana wa laini kampangusa kwa limau, kamloweka kwenye maji ya vuguvugu, kakandamiza dole gumba mpaka bibi akalalamika, "Mjukuu wangu, utanivunja." Mashine: jaribu tena.

Nikapeleka laini yangu. Karani: "Jina halioani na la mnufaika." Jamani, si mwakilishi ndiye mimi, jina limo kwenye karatasi yenu hiyo hiyo! "Lete barua ya mtendaji." Nikaleta. "Mbona haina picha?" Nikarudi, ikabandikwa, ikagongwa muhuri juu ya picha. "Sasa mlete mwenyewe tuhakikishe yupo."

Leo nimemleta. Shikamoo wamempa, kiti wamempa, hilo sitawanyima. Kaulizwa jina, akataja lake, la baba yake na la babu yake. Halafu karani anasogeza mashine: "Bibi, weka kidole hapa."

Nilicheka kwa hasira.

Nauli nimekopa dukani kwa Mangi na malipo ya nyuma yanazidi kurundikana. Aliyewahi kumshughulikia mzee mwenye vidole vilivyofutika, ulipenyaje? Kiapo cha mahakamani kinakubalika? Na asitokee mtu hapa wa kuniambia nimrudishe wiki ijayo.