Nimelipa milioni 2.1 kufungiwa gesi, sasa Toyota IST yangu ni ya kusukuma

Wakuu, naandika haya nikiwa nimekaa kwenye kiti cha dereva, gari limepaki uani, leo siku ya tisa halijaingiza hata mia. Milioni 2.1 niliipeleka mwenyewe kwa mkono wangu kwenye gereji moja hapa Dar wanifungie mfumo wa gesi asilia, ile CNG ya kwenye magari. Laki tisa kati ya hizo ni za kikoba, na mweka hazina wetu yule mama si mtu wa kumwambia habari za "nivumilie kidogo".

Kabla hamjaanza na "si tulisema gesi inaua injini", tulieni. Gesi haina kosa. Kilo nilikuwa nanunua 1,550, silinda yangu (mtungi wa gesi wa kwenye buti) inabeba kilo 11, nilikuwa najaza kwa 17,000 na ushee. Umbali huohuo kwa petroli nilikuwa namwaga lita kama 15, na lita ilikuwa inacheza karibu na 3,000. Piga hesabu mwenyewe. Kwa sisi wa taksi za mtandao hiyo tofauti ndiyo ada ya mtoto. Ndiyo maana tunavumilia hata foleni za vituoni, unakwenda saa tisa usiku na mto wako wa kulalia, unaamshwa na honi ya bajaji. Foleni nitaisema siku nyingine. Leo nina shida na watu wanaojiita mafundi gesi.

Siku ya kukabidhiwa gari, kijana aliwasha likiwa limesimama palepale, taa nne za kijani zikawaka kwenye kile kiswichi pembeni ya usukani, akasema "tayari braza", akaomba ya soda. Nikatoa elfu tano. Nawaambia ukweli, hiyo elfu tano inaniuma kuliko ile milioni mbili.

Maana kumbe kazi ilikuwa haijaisha. Fundi anayejua anachomeka kompyuta, anatoka na wewe barabarani, analinganisha muda wa kufunguka wa injekta (vile vidude vinavyopulizia mafuta kwenye injini) za petroli na zile za gesi, anarekebisha, mnaendesha tena mpaka gari lisione tofauti. Haya nimeyajua wiki ya tano, nikiwa tayari nimeshaumia. Mimi nilichopewa ni gari linalotaka kuzima kila taa ya Mwenge, na nikianza kupanda Kimara na abiria watatu linamisi kama lina kikohozi cha kifaduro. Taa ya injini ikawaka. Nikarudi. Jibu: "Itazoea mkuu."

Itazoea? Gari ni mtoto aliyehamishwa shule?

Sasa sikilizeni la kuchemsha. Gesi kwenye silinda inakaa kwa presha ya bar 200 hivi. Ikifika mbele inashushwa kwenye kile kidude wanachokiita ridyusa, na gesi ikishushwa presha kwa kasi inapoa mno, mpaka kidude kinaweza kuganda barafu katikati ya joto la Dar. Kwa hiyo wanakipitishia maji ya moto ya injini kukipasha. Ndiyo maana pia gari linawaka kwa petroli kwanza, maji yakipata moto ndipo linahamia kwenye gesi. Hapo kwenye maji ndipo waliponimaliza. Walikata mpira wa hita, wakachomeka kiungio cha plastiki, wakakaza kwa klipu za waya ambazo mke wangu angezikataa hata kwenye bomba la kumwagilia mchicha. Kikapasuka kwenye foleni ya Ubungo. Nilipoona mshale wa joto umepanda, mvuke ulikuwa tayari unatoka kwenye boneti, abiria kashuka, kaniacha na nyota moja. Silinda hedi, yaani kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda, gasketi yake imekwenda. 480,000, na hiyo ni fundi mwingine kabisa, kwa huruma.

Niliporudi kudai wakaniambia injini yangu "ilikuwa imechoka". Gari ambalo wao wenyewe walilipima kabla ya kufunga, wakalisifia! Waranti niliahidiwa kwa mdomo. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliambiwa mtandao unasumbua, mpaka leo unasumbua. Nina kikaratasi cha daftari kimeandikwa "kufunga gesi" na kiasi, basi.

Na hili ndilo limenifanya niandike. Huyu fundi wa pili alifunua zulia la buti. Silinda ya chuma, nzito kiasi kwamba wanaume wawili wanaibeba kwa kuguna, imeshikwa na boliti mbili badala ya nne. Hazina vibati vya kuzisapoti kwa chini, zimetobolewa tu kwenye bati la sakafu. Alishika silinda akaitikisa. Ikacheza. Mimi kiti cha nyuma cha hilo gari nawapeleka wanangu shule, na abiria wangapi sijui. Nilikaa chini pale kwenye oili kama dakika kumi hivi sisemi na mtu.

Kuna jamaa kanishauri ningefunga tu ya mtungi wa kupikia, "ni gesi hiyohiyo". Si hiyohiyo. Ya jikoni ni propani na butani, inakaa kama maji kwa presha ndogo, na ina mfumo wake. Uturuki na Poland magari kibao yanaitumia, lakini yana matangi yake maalumu. Mtungi wa jiko na mpira wa jiko kwenye buti ni kujiandalia msiba, usijaribu.

Na wanaokuja kuniambia nilifuata vya bei rahisi: niliuliza gereji tatu, hii ndiyo ilikuwa ghali zaidi.

Jumatatu asubuhi nakwenda kwao, boliti zao mbili nimeziweka mfukoni. Mwenye hati ya silinda aliyopewa na gereji yake, yenye namba ya silinda na tarehe ya kupimwa, aweke picha hapa afiche majina. Nataka niwaoneshe inavyofanana.