Usuluhishi wa mgogoro na benki: nianzie wapi?

Mkaazi wa Wete: Assalaam aleikum. Benki yangu imenikata rejesho la mkopo mara mbili mwezi mmoja, nami sitaki kwenda mahakamani. Je, usuluhishi unafaa?

Mama wa Chake: Waaleikumu ssalaam, mwanangu. Unafaa sana, ila kwanza iandikie benki yenyewe na udai nakala iliyogongwa muhuri, kwani Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Unguja na ina Kanuni za 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, hutaka mtoa huduma apewe nafasi ya kujibu kabla hujaipelekea lalamiko.

Jirani wa Mkoani: Msuluhishi huwasikiliza nyote na kupendekeza njia, wala hakulazimishi kukubali, tafadhali, usitie saini usichokielewa, hata ukihimizwa.

Mkaazi wa Wete: Ahsanteni. Barua naiandika leo, na taarifa ya akaunti naiambatanisha.